Sanduku la Khala: Sari za Hariri Ambazo Hazikuwa Zetu



Akina mama wa darasa letu la Jumamosi wametuomba mara nyingi tuandike kisa cha sanduku la mama yetu. Tumekuwa tukikwepa, kwa sababu ndani ya kisa hiki kuna jambo la kujivunia na kuna jambo la aibu, na huwezi kusimulia moja ukaacha lingine. Sisi ni watoto wanne wa mama mmoja, wasichana watatu na mvulana mmoja, tuliolelewa Jinja, Uganda, karibu na pale mto Nile unapotoka ziwani. Tumeandika pamoja. Pale tunaposema "mmoja wetu" tumekubaliana tusimtaje, na mwenyewe ameridhia kisa kisomwe.

Lilikuwa sanduku la bati, la kijani, lenye kufuli, na lilikaa chini ya kitanda cha mama. Ndani yake mlikuwa na sari nne za hariri. Mama yetu hakuwa Mhindi. Alivaa gomesi kwenye sherehe na kanga nyumbani, na maisha yake yote hakuwahi kujifunga sari hata siku moja. Lakini hatujaona mwanamke aliyetunza sari kuliko yeye.

Mwenye sari tulimjua kwa jina la Khala tu, kwa sababu ndivyo mama alivyomwita. Alikuwa Mwislamu wa asili ya Gujarat, na mumewe alikuwa na duka la vitambaa. Baba yetu alikuwa fundi cherehani, akikaa barazani mwa duka hilo. Mama alipoolewa alikuwa bado msichana mdogo, mgeni wa mji, na Khala ndiye aliyemfundisha kupika pilau na kupima kitambaa kwa macho.

Tarehe 4 Agosti 1972 Idi Amin alitangaza kwamba Wahindi waondoke Uganda, na wakapewa siku 90. Wakubwa wetu wanaokumbuka wanajua ilivyokuwa. Watu waliuza gari kwa bei ya baiskeli, na wengine waliacha nyumba na chakula kikiwa jikoni. Njiani kwenda uwanja wa ndege wa Entebbe kulikuwa na vizuizi, na askari walipekua mizigo na kuchukua dhahabu, saa na nguo nzuri.

Usiku mmoja Khala alikuja kwetu kwa mlango wa nyuma, mumewe na kijana wa dukani wamebeba sanduku. Mama alitusimulia maneno yake mara nyingi mpaka tukayahifadhi: "Hizi zitachukuliwa njiani. Weka wewe. Tukirudi nitazichukua. Mimi nisiporudi, atakuja binti yangu." Binti huyo alikuwa na umri wa miaka kama kumi hivi, amesimama pale mlangoni amelala kwa macho. Hapakuandikwa karatasi. Kisha Khala akamfundisha mama namna ya kuzitunza, akaondoka, na mama hakumwona tena.

Kila mwaka baada ya Iddi

Khala aliagiza kwamba hariri yenye zari isiachwe imekunjwa mahali pamoja miaka na miaka, kwa sababu uzi wa zari hukatika kwenye mkunjo. Basi kila mwaka, siku chache baada ya Idd el-Fitr, mama alifunga mlango, akatandika shuka safi sakafuni, akatuambia tukanawe mikono kwa sabuni na tuvue bangili. Kaka yetu alikuwa na kazi ya kuvuta sanduku tu, kisha anatolewa nje, naye akilalamika. Mama alimjibu kwa utani kwamba wanaume wamekatazwa hariri, basi hata kuitazama wasizidishe!

Zilikuwa zimefungwa kwa shuka za pamba zilizofuliwa zikalainika. Mama hakukubali mfuko wa nailoni, kwa sababu nailoni hufungia unyevu na hariri ikaota ukungu. Pembeni aliweka vifuko vya majani makavu ya mwarobaini na karafuu ili wadudu wasikaribie. Dawa za nondo za dukani alizikataa, kwa kuwa Khala alimwambia zikigusa zari huifanya nyeusi. Tulizifungua moja moja, tukazianika kivulini chumbani, tukazikunja upya kwa mkunjo mwingine.

Tatu zilikuwa nyepesi: ya kijani, ya rangi ya maziwa, na moja ya madoadoa ya kufungwa kwa uzi kabla ya kutiwa rangi. Ya nne ndiyo iliyotufanya tunyamaze kila mwaka. Ilikuwa ya rangi ya damu ya mzee, nzito, na ukiifungua ilikuwa ndefu kuliko chumba, kama mita tano na nusu. Ilikuwa na pindo kama kanga, na mji wake umejaa maua madogo ya zari, na ile ncha inayoshuka begani, ambayo Wahindi huiita pallu, ilikuwa zari tupu hata huoni kitambaa. Mama alituambia inaitwa Banarasi, na kwamba Khala aliolewa nayo.

Hivyo ndivyo tulivyokua, wasichana watatu tunaopenda kitu ambacho si chetu. Kila mwaka mmoja wetu aliuliza, "Mama, asiporudi je?" Naye alijibu vilevile, "Hiyo si kazi yetu. Kazi yetu ni kukunja."

Mwaka 1979, vita vilipofika na askari wa Amin wakikimbia huku wakipora, mama alilificha sanduku chini ya magunia ya mkaa, akaacha redio na cherehani ya baba mahali vinapoonekana. Cherehani ikaenda, sanduku likabaki. Baba alikasirika sana, maana cherehani ndiyo ilitulisha. Mama alimwambia, "Cherehani yetu tutajua tutakavyofanya. Ya watu nikiipoteza nitasema nini?"

Mtihani mkubwa ulikuja miaka ya themanini. Baba aliugua, ada za shule zikakosekana, na wawili kati yetu tulirudishwa nyumbani. Sonara mmoja akapata habari za sari. Hakuitaka kwa kuvaliwa. Zari ya zamani ni uzi wa fedha uliopakwa dhahabu na kusokotwa juu ya uzi wa hariri, na wapo wanaonunua sari kuukuu wakazichoma moto ili waokote fedha kwenye majivu. Alileta mizani mpaka nyumbani. Bei aliyotaja ingelipa ada yetu ya mwaka mzima na zaidi.

Tulikaa tukimtazama mama. Tuseme kweli, tulitamani aseme ndiyo. Alimpa sonara chai, akamshukuru, akamsindikiza hadi njiani. Usiku ule sisi tuliorudishwa shule hatukumsemesha. Tulimwona ni mtu anayependa nguo za jirani kuliko watoto wake. Allah atusamehe kwa dhana ile.

Mmoja wetu

Sasa tunafika kwenye aibu. Mwaka 1994 mmoja wetu aliolewa. Mama alisafiri siku mbili kabla kwenda kuwaita wazee wa ukoo, na ufunguo aliuacha mahali tunapopajua. Sisi watatu, si yule mmoja peke yake, tulifungua sanduku. Tulijiambia ni kwa usiku mmoja tu wa hina, mbele ya wanawake, na kwamba Khala mwenyewe angefurahi. Jirani mmoja aliyejua kufunga sari akaja kumvisha.

Wallahi alipendeza. Wanawake walipiga vigelegele hata tukasahau nguo ni ya nani. Katika kula, samli ya biriani ikamdondokea karibu na kiuno. Tulipaka unga ili unyonye mafuta, tukapangusa, likabaki doa lenye ukubwa wa sarafu. Tukaikunja doa likiwa ndani, tukarudisha ufunguo, tukanyamaza.

Mama aliliona baada ya Iddi iliyofuata. Hakupiga kelele. Alikaa chini, akalishika doa lile kwa kidole kama mtu anayeshika kidonda cha mtoto, machozi yakamtoka. Akasema, "Mmenitia deni kwa mtu ambaye sijui alipo." Kisha akamwambia bibi harusi, "Siku mwenyewe atakapokuja, mimi sitasema. Utasema wewe."

Tulikuwa tumejidanganya kwamba kuvaa si kuiba. Lakini anayepewa amana amepewa kuhifadhi tu, na akiitumia bila idhini amefanya khiyana, na kilichoharibika kiko shingoni mwake. Tuliyajua haya tangu madrasa.

Watu waliozifuma

Mmoja wetu alipata nafasi ya kusoma chuo nchini India, na mwaka 2009 alipanda treni mpaka Varanasi, mji ambao wengi bado wanauita Banaras. Hakuchukua sari, maana tulikuwa tumekoma. Alichukua picha zake, za mbele na za nyuma.

Alidhani atakuta kiwanda. Alikuta mtaa wa Waislamu uitwao Madanpura, vichochoro vyembamba, na kutoka kila nyumba mlio wa vitanda vya kufumia. Wafumaji wengi wa Banaras ni Waislamu, na wanajiita Ansari, jina linalowakumbusha wale Ansari wa Madina waliompokea Mtume (s.a.w.). Adhana ikilia, milio inapungua. Siku ya Ijumaa vitanda vinapumzika. Wanaovaa kazi yao kwa wingi ni mabibi harusi wa Kihindu, lakini hata mabibi harusi wa Kiislamu wa India huona arusi haijakamilika bila kitambaa cha Banarasi.

Mzee mmoja aliichukua ile picha ya nyuma kabla ya ile ya mbele. Alieleza kwamba ufundi unaonekana nyuma. Katika kazi ya haraka, uzi wa ua hupitishwa upana mzima wa kitambaa, kisha nyuzi zinazoning'inia nyuma zinakatwa. Katika kazi ya zamani wanayoiita kadhua, kila ua linafumwa peke yake kwa uzi wake, na nyuma hakuna nyuzi zinazoelea. Sari ya Khala ilikuwa kadhua. Mzee alisema sari kama ile huchukua miezi, na watu wawili kwenye kitanda kimoja.

Alimwonyesha ndugu yetu kazi yenyewe. Mfumaji hukaa ukingoni mwa shimo, miguu ikikanyaga mbao zilizomo shimoni. Juu ya kichwa chake kuna mnyororo wa makadi yaliyotobolewa, na matundu yale ndiyo yanayoamua nyuzi zipi za mtande zinyanyuke. Hariri hutoka kwa viwavi wanaolishwa majani ya mforsadi, na kifuko kimoja tu hutoa uzi wa mamia ya mita, mwembamba kuliko unywele. Wanawake wa nyumba hukaa ndani wakizungusha uzi kwenye vibiringo na kusafisha kitambaa kikishafumwa. Kazi yao haionekani kwenye sari, lakini bila wao kitanda hakisogei.

Ndugu yetu aliuliza swali ambalo labda hakupaswa kuuliza. Alimuuliza mke wa mzee kama anayo sari ya hivyo. Mama yule alicheka, akashika nguo aliyovaa, ya nailoni ya mashine, akasema kwa ishara kwamba za hariri hupita tu mikononi. Mashine za umeme zinatoa sari za kuiga kwa siku moja, zinauzwa kwa jina lilelile la Banarasi, na mfumaji wa mkono hawezi kushindana na bei hiyo. Mwaka uleule wa 2009 sari za Banaras zilisajiliwa India kwa alama ya asili, ili jina litumike kwa zile za eneo hilo tu. Lakini mzee alisema kijana wake ameshaacha kitanda.

Ndugu yetu alipotusimulia haya kwa simu, mama alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Basi tulikuwa tunatunza amana ya watu wengi."

Mirathi

Mama alifariki mwaka 2011. Allah amrehemu, amsamehe, amfanyie kaburi lake bustani katika mabustani ya Peponi. Amin.

Tulipokaa kugawa mirathi, sanduku lilikuwa katikati ya chumba. Miaka 39 ilikuwa imepita. Kaka alikuwa na mtoto aliyepata chuo na hana ada, na muuzaji mmoja wa Kampala alikuwa tayari kuinunua ile ya damu ya mzee. Kaka akasema, "Khala angekuwa hai angekuwa na miaka mingapi? Nani atauliza?" Dada mkubwa akamjibu vibaya, naye akajibu vibaya, na siku tatu baada ya mazishi tulikuwa tunagombana juu ya nguo, mama hajapoa kaburini.

Shehe alitusikiliza. Akasema kinachogawanywa ni mali ya marehemu, baada ya kutoa gharama za mazishi, madeni na wasia. Amana si mali ya marehemu, kwa hiyo haiingii kabisa. Alitukumbusha kwamba katika Suratun Nisaa, aya ya 58, Mola ameamrisha amana zirudishwe kwa wenyewe, wala hakuweka muda wa amri hiyo kwisha. Ameondoka aliyeshika, sasa wanashika warithi wake. "Tafuteni kwanza," akasema. "Mkikata tamaa kweli, itolewe sadaka kwa niaba ya mwenyewe. Lakini ninyi hamjatafuta hata siku moja."

Ilikuwa kweli! Mama hakujua kusoma, na sisi tuliojua kusoma hatukuwahi kuuliza popote.

Tulianza kwa mzee mmoja wa Kihindi aliyerejea Jinja miaka ya tisini, serikali ilipokuwa ikirudisha majengo kwa wenyewe. Alilikumbuka duka na fundi wa barazani. Akasema anadhani walikwenda Leicester, Uingereza. Mwaka 1972 baraza la mji ule liliweka tangazo katika gazeti la Uganda Argus likiwasihi watu wasiende huko, nao wakaenda kwa maelfu. Tulituma ujumbe kwa Waislamu wa huko, ukatangazwa misikitini na kupita mkono hadi mkono. Miezi ikapita kimya. Kisha, mwaka 2013, simu ikaita, na mwanamke akasema kwa Kiswahili cha dukani, "Mimi binti ya yule mama. Ninyi ni watoto wa fundi?"

Shehe alikuwa ametufundisha tusitaje rangi wala idadi, tumwache mwenyewe aeleze. Akasema ni nne. Akataja rangi zote. Kisha akasema, "Ile nyekundu nzito ina mahali pameshonwa kwa uzi wa kijani, kwenye pindo. Ilinaswa na mlango wa gari, mimi nililia." Mahali pale tulipakunja kila mwaka tangu utotoni.

Mmoja wetu akaomba simu. Alisema yote: ufunguo, usiku wa hina, biriani, na miaka 19 ya kunyamaza. Upande wa pili pakawa kimya. Kisha akauliza, "Doa liko upande gani?" Akajibiwa, karibu na kiuno, upande wa kuchomeka. "Basi halitaonekana," akasema. "Nimekusamehe. Mama yangu alifariki mwaka 1998. Alikuwa akituambia, vitu vyangu vyote vilipotea Uganda isipokuwa sanduku moja."

Tulilia wote, na kaka naye.

Alikuja Jinja mwaka 2014 na binti yake. Alitaka kwanza kufika kaburini kwa mama yetu, akaomba dua pale kwa muda mrefu. Kisha tukatandika shuka, tukanawa mikono, tukafungua. Mwenye doa alilionyesha kwa mkono wake mwenyewe, akataka kulipa, akakataliwa. Waliondoka na sari zote nne. Hatutadanganya kwamba haikuuma. Iddi iliyofuata tulikaa chumbani kwa mama, hatujui la kufanya na mikono yetu.

Baadaye tulipata picha ya nikahi ya yule mjukuu wa Khala, amevaa damu ya mzee, doa limekunjwa ndani. Sanduku la bati lilibaki kwetu kwa sababu lilikuwa zito kwa ndege. Kaka ndiye aliyelichukua. Ada ya mwanawe tulichanga sote wanne, kidogo kidogo, naye amemaliza chuo, alhamdulillah.

Ndugu zetu, kabla hatujaagana, tunawausia mambo matatu:

1. Ukishika amana, iandike na uweke mashahidi. Mama alikuwa na kumbukumbu, lakini kumbukumbu hufa na mtu. Andika jina kamili la mwenyewe, la watoto wake na mahali anapokwenda.

2. Waambie watoto wako mapema ni kipi ndani ya nyumba si chako. Sisi tulijua, na bado shetani alitupata. Je, wasiojua?

3. Ukiwa na nguo ya hariri ya mama au bibi yako, iwe sari, busuti au kitambaa cha arusi, usiifungie kwenye nailoni. Ifunge kwa pamba, iweke pakavu, usiipulizie manukato, na uikunje upya kila mwaka. Ukiikunja, wakumbuke walioifuma, na umwombee aliyekuachia.

Mwenye jambo kama hili nyumbani kwake, lenye mwenyewe aliyepotea siku nyingi, asikate tamaa kabla hajaanza kutafuta.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullah.